Upinde wa Lugendo

Karani wa boma alifunga kikaratasi cha namba kwenye upinde wa Lugendo, akautupa juu ya rundo la pinde nyingine.

"Kuanzia leo wanyama wote ni wa serikali, mzee wangu. Ukiua, unafungwa."

"Hata nguruwe?"

"Hata nguruwe."

"Basi nguruwe wenu wamemaliza mihogo yangu, na wajukuu wangu wanalala na njaa. Njooni muwafunge hao."

Karani aliinamia daftari lake. Hata hakuona kwamba upinde umekuja bila kamba. Kwa kina Lugendo, mwindaji anaweza kukupa mti wa upinde wake, lakini kamba aliyoisokota mwenyewe kwa kano za nyati hampi mtu; huzikwa nayo. Ya Lugendo ilikuwa kiunoni, chini ya shuka.

Alirudi kwa barabara mpya, ile waliyomlazimisha kuichimba katikati ya shamba lake mwenyewe. Kandokando serikali ilikuwa imepanda miti yake, michanga na iliyonyooka, marufuku kuguswa.

Lugendo alisimama kando ya mmoja. Akaupinda polepole mpaka gotini, akauachia. Ukarudi wima kwa nguvu, ukitetemeka.

Akatia mkono chini ya shuka.