Mfuniko wa Kapu

"Baba Shija, macho ya chatu wako yameingia ukungu," Kabula alimwambia mumewe, kang'ang'ania mfuniko wa kapu. "Anataka kujivua gamba. Hali kitu huyo, mwache!"

Masunga akampiga kikumbo, mwanamke chini. "Ngoma ya nyoka ni kesho. Asipokula, nikacheze na kamba?"

Akambeba panya buku kwa mkia, akamtupa kapuni akiwa hai, akakalia mfuniko. Kapu liliruka chini ya makalio yake, ndani vishindo na makelele. Masunga akacheka mpaka machozi.

"Umesikia? Anakula huyo!"

Kapu likatulia. Akafunua.

Panya buku alikuwa amekaa juu ya chatu, masharubu yamelowa damu, akiitafuna shingo iliyokuwa bado ikijinyonganyonga. Alimtazama Masunga kidogo, kisha akainama, akaendelea kula.