Kura ya Kumtoa Baba

"Baba, kimbia! Wanatuacha!"

Muuguzi alikuwa ametoka kazini hoi. Kando yake kwenye kochi, baba yake alihangaika na simu. Tangu apooze upande mmoja, kidole chake kilitetemeka kwanza ndipo kiguse kioo. Hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia pangoni katika mchezo huu wa mtandaoni.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Ukutani wamechora nyota."

Wenzao watatu, watu wasiowajua, walishafika mbali, wakiua mazimwi na kulalamika. Mara swali likatokea kwenye simu ya muuguzi: mgeni atolewe? Wote watatu walikuwa wamekubali. Ilibaki kura yake.

Kutwa nzima alikuwa amewahimiza wagonjwa waharakishe.

"Mbona husogei?" baba aliuliza. "Kama nawachelewesha, nenda nao tu. Mimi nimeshazoea kubaki."

Muuguzi akabonyeza Hapana.

Wale watatu wakajitoa na matusi yao, na mazimwi wakaanza kuwageukia wao wawili.

"Hawa tunawapigaje?"

"Hatuwawezi, baba," alisema, akamwegemea begani. "Waache waje."