Vitumbua vya Mfalme

Mama Zamzam aliporudi na ndoo ya maji, vitumbua vyote saba vilikuwa vimeungua.

"We baba! Si nimekuachia dakika mbili tu?"

Mteja aliyeachiwa kikaango alishtuka. Kijiti cha kugeuzia alikuwa nacho mkononi, lakini macho yalikuwa barabarani, kule mabasi ya mwendokasi yanakoingilia kituo cha Gerezani.

Hasira ilimwisha mama, akacheka. "Shuleni tulisoma habari za mfalme wa Wasaksoni, Alfredi. Naye aliachiwa mikate ya mama wa watu, akaiunguza. Kumbe kajificha, maadui wanamsaka."

Mteja hakucheka. "Maadui walipofika, yule mama aliwaambia nini?"

"Kitabu hakikusema."

Alitaka kumtania zaidi, ila akaona mkono ulioinua kijiti. Mafuta ya moto yalikuwa yakimdondokea vidoleni, na yeye wala hana habari.

Gari la vioo vyeusi likasimama mbele ya benchi. Wakashuka vijana wawili.

"Shikamoo mama. Kuna mtu tunamtafuta."

"Marahaba." Akamimina unga kwenye kikaango, kisha akamfokea mteja bila kumtazama. "Baba Zamzam, macho hapa! Unataka kuniunguzia tena?"

Mteja akageuza haraka haraka. Kitumbua kikapasuka, bado kibichi.

Kijana mmoja akakitazama kile kitumbua. Akavuta benchi, akakaa karibu na mteja, akatabasamu.

"Baba Zamzam," akasema taratibu, "hivi Zamzam yuko darasa la ngapi sasa?"