Dakika Kumi Bila Daftari

Kila nyumba mtaani kwa Tunu ilikuwa na daftari, mtambo wa ukutani ulioandika kila tendo, nani kalianza na lini limekwisha. Sheria iliruhusu kuuzima dakika kumi kwa mwezi.

"Zima, mwanangu," mama yake, Bi Mwanakheri, alimwambia asubuhi moja akiwa hoi kitandani. "Nikutajie baba yako."

Tunu akazima. Mama akamtaja mtu ambaye serikali ilikuwa ikimsaka kwa miaka ishirini, akamweleza na anakojificha. Kisha akakata roho, mtambo ukiwa bado umezimwa.

Ofisini karani alitikisa kichwa. "Pole, dada. Kwenye daftari mama yako hajafa. Siwezi kutoa kibali cha kuzika."

"Basi njoo umwone!"

"Kuona kwangu si ushahidi. Tueleze mlizima kwa nini na alisema nini, ndipo tutamwandika."

Tunu alirudi nyumbani bila kibali. Majirani waliogopa kuingia, akamwosha mama yake peke yake.

Siku ya pili, adhuhuri, mtambo ulisema kwa upole, "Bi Mwanakheri hajainuka tangu jana. Nimwamshe?"

Tunu alivuta shuka, akamfunika mama yake uso.

"Mwache apumzike," alijibu, na mtambo ukaandika.