Gurudumu la Pili

"Baba, toka huko chini, utachafuka," karani alisema tena. Miguu ya baba mkwe wake ilibaki pale pale, imechomoza chini ya gari, kiatu kimoja kikitikisika.

Gari lilikuwa la karani: refu, la kijivu, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Alilinunua likiwa limetumika, na kabla ya msiba alikuwa akiliosha na kupiga picha nalo. Siku hizi hakutaka hata kuliangalia.

Mzee alitoka huku mgongo umejaa vumbi. Alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake, akastaafu na kiuno kibovu na maneno mengi kuhusu difu, kile chuma cha nyuma kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Leo alikuja gereji mwenyewe, na kwenye gunia miguuni pake ilikuwapo difu aliyohangaika kuitafuta mji mzima.

"Fundi, nataka mambo mawili," alisema. "Kwanza gia fupi, zenye nguvu. Kile kilima changu hakitaki mbio. Pili, difu hii ya kubana. Gurudumu moja likiteleza, la pili livute."

"Gia fupi zitakunywa mafuta, mzee. Na kwenye lami litapiga kelele kama mashine ya kusaga."

"Lipige. Kelele haijaua mtu."

Karani aliinamisha macho kwenye madoa ya oili sakafuni. Msimu wa mvua uliopita, mama mkwe wake alizidiwa ghafla kule kilimani. Hakukuwa na gari jingine la kumpeleka hospitali. Akapigiwa simu yeye, naye akajibu, "Nakuja." Alipofika kulikuwa kumekucha, na mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Aliwaeleza wafiwa kwa sauti ya kukwama. Gari lilinasa kwenye matope chini ya kilima. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure, la pili likasimama kama limegoma.

Mashangazi waliguna. Mmoja akasema kwa sauti kuwa hata kwa miguu mtu angefika. Mzee ndiye aliyesimama, mfiwa mwenyewe, akasema hataki kusikia mtu akimnyooshea mkwewe kidole. Difu za kawaida ndivyo zilivyo, alisema. Zingemwangusha hata yeye. Toka siku hiyo hakumwita tena kwa jina. Alimwita mwanangu.

Karani alikua bila baba. Neno hilo alilipenda kuliko alivyoweza kumwambia mtu yeyote, hata mkewe, na kulipoteza ndicho kitu alichokiogopa zaidi duniani. Lakini kila alipolisikia aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Laiti mzee angemtukana, angalau angelala usingizi.

"Ulitokaje kwenye hayo matope, bosi?" fundi aliuliza huku akivuta jeki.

"Nilivutwa na trekta."

"La nani? Kule nina mteja mwenye trekta. Lake bovu, linanisubiri mimi."

"Sikumjua. Alikuwa anapita tu." Karani alitoa simu mfukoni akaitazama, ingawa haikuwa imelia. "Fundi, fungua, weka hiyo aliyoleta baba, tumalize."

"Haraka ya nini? Mimi sifungui kitu kabla sijakipima. Nikitoa kizima nikaweka kizima, jioni utaniita mwizi."

"Hamna haja ya kupima. Mimi si nimewaambia?"

"Mwache afanye kazi yake," mzee alisema, akampapasa bega. "Usijione mzigo, mwanangu. Nafanya hivi ili siku ya mjukuu wangu kuzaliwa usinase tena."

Karani alirudisha simu mfukoni, akasogea kumpisha fundi.

Fundi aliinua sehemu yote ya nyuma mpaka magurudumu mawili yakaning'inia. Akalitoa gari gia, akachutama.

"Mzee hili unalijua, lakini bosi naye aone. Nazungusha gurudumu la huku kwenda mbele. La pili likirudi kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande huu huu, ni ya kubana."

"Litarudi kinyume," mzee alisema, karibu kwa furaha. "Mwanangu alishaliona."

Fundi alizungusha. Gurudumu la pili likafuata.

Akazungusha tena kwa mikono miwili, kisha akacheka. "Mzee, umebeba mzigo bure! Hii ni ya kubana, tena bado ngumu kabisa. Tazama boliti, rangi ya kiwandani haijabanduka hata kwenye moja. Haijawahi kufunguliwa." Akafuta kwa kitambaa kibati kidogo chenye namba za difu, akakisoma. "Na gia ni hizo hizo fupi unazozitaka. Gari hili ni la kilimani tangu lilipozaliwa. Mambo ya gurudumu moja kuzunguka na jingine kugoma, hapana. Hili haliwezi."

Mzee hakucheka. Alipiga magoti taratibu, akashika gurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akalizungusha. Akainama kutazama upande wa pili. Akalizungusha tena.

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Fundi, hebu tupishe kidogo," mzee alisema bila kugeuka.

Fundi alitazama huyu, akatazama yule, akachukua kikombe chake cha chai akatoka nje. Mzee alibaki amepiga magoti, mkono mmoja juu ya gurudumu.

"Mama alikuwa anakuulizia mpaka mwisho," alisema. "Ulikuwa wapi?"