Mvua ya Kwanza

"Panda!" mama mkwe alifoka kutoka ukingoni mwa shamba. "Wenzako wamemaliza, wewe umesimama na jembe kama mgeni!"

Nyamizi aliweka jembe chini. Mwaka jana alizikimbilia rasharasha hizi hizi, akapanda. Mbegu zilichipua, zikakauka, na watoto wakalala njaa. Sasa alipiga magoti, akachomeka kidole udongoni. Juu palilowa, ndani palikuwa pakavu, pana joto la jivu.

"Bado, mama," alisema. Hakuwa amewahi kumkatalia mkwewe neno.

Mama mkwe akaja mbio, akampokonya kibuyu cha mbegu, akainama apande kwenye kishimo kile kile cha kidole cha Nyamizi. Kidole chake mwenyewe kikazama kwenye ule ukavu, kikatulia humo. Juu yao wingu lilikuwa likijiondokea taratibu.