Nyasi za Mjomba Jovnna

Heaika aligawa nyasi mafungu mawili, na kulungu wake wa kufugwa wakabaki kumtazama akiburuta fungu moja hadi kwenye sleji, gari la kuburutwa thelujini. Majike watatu walikuwa wameshalala chini, hawaamki hata kwa teke.

Mvua ilikuwa imenyesha katikati ya majira ya baridi, ikaganda juu ya theluji. Malisho yapo chini, lakini barafu ni ngumu na kwato hazipenyi. Zilizobaki ni nyasi za kununua, nazo hazikutosha.

"Za mjomba tena hizo?" alifoka Kaisa, mkewe, mtoto wa mjini. "Mwaka wa tatu huu! Na hata hujui ana kulungu wangapi."

"Hilo haliulizwi, mke wangu. Ni kama kumpekua mtu mifuko."

"Haya, wetu wafe kwa adabu."

Heaika aliendelea kuyafunga marobota ya nyasi kwa kamba. Mjomba Jovnna ndiye aliyemlea, na ndiye aliyempa kulungu wake wa kwanza. Damu nzito kuliko maji.

Kila mwaka Heaika alimwachia nyasi ufukweni, na mjomba akazivusha mwenyewe hadi ng'ambo ya ziwa, kwenye bonde lake. Safari hii mzee alikuwa kitandani, mguu umevunjika.

"Usivuke, mwanangu," alimsihi, amemng'ang'ania mkono. "Lisha wako. Wangu watajijua."

"Acha utani, mjomba. Wafe njaa nami nipo?"

Mzee akageukia ukutani. Heaika aliyaona machozi, akadhani ni maumivu ya mguu.

Akavuka ziwa kwa pikipiki ya theluji. Kule bondeni vichaka vya mierebi vilimfika mabegani. Alishangaa, maana kulungu wakila mahali, mierebi haivuki goti. Akayalaumu majira ya joto, ambayo siku hizi yamezidi na kila kitu kinaota ovyo. Aliacha pikipiki, akapenya kwa miguu huku akipiga mluzi. Hakuona kinyesi wala alama ya kwato. Vichipukizi vyote vilikuwa vizima, hakuna hata kimoja kilichong'atwa. 

Katikati ya kichaka aliyakuta marobota ya mwaka jana. Kando yake yalikuwa ya mwaka juzi, yameoza, mierebi imechipua katikati yake, na kamba bado zina vifundo alivyovifunga yeye mwenyewe.